Mama Yuwaita

Kwetu Nyamatope, kijiji cha tope na mikoko upande wa Maparoni, mtoto hufundishwa mambo mawili kabla hajajua kujifunga nguo: asikojoe karibu na mtungi, na aachie kamba papo hapo akisikia "Mama yuwaita". La kwanza wapo waliolisahau, tena wengine watu wazima, siwataji. La pili halijasahauliwa na mtu.

Mtumbwi hauchongwi majini. Huchongwa pale mti ulipoangushwa, na mti mnene haujapata kuota kando ya maji kwa kumhurumia fundi. Ukishachongwa, kijiji kizima huja, ukafungwa kamba ya makumbi nene kama mkono, ukavutwa mpaka kwenye mkondo. Ubavuni mwa mtumbwi yupo mtu wa kutega magogo ya kuutelezesha. Mwisho kabisa wa kamba yupo mshika mkia, ambaye kila hatua ikipatikana huizungusha kamba kwenye kisiki, mtumbwi usirudi nyuma. Na pembeni, hagusi kitu, yupo mwimbishaji.

Wageni humcheka mwimbishaji. Husema huyu mvivu kajipatia kazi. Lakini watu arobaini wakivuta kila mtu kwa wakati wake, wanavuta upepo. Mwimbishaji ndiye anayewafanya mtu mmoja.

"Mtumbwi una miguu?"

"Hauna!"

"Una mikono?"

"Hauna!"

"Nani ataupeleka?"

"Sisi!"

Kila jibu ni mvuto. Na mwimbishaji akiona mtumbwi unataka kulala ubavu, au gogo limekaa vibaya, haelezi. Anaimba "Mama yuwaita", kwa sauti ndefu ya kushuka, na hapo hakuna jibu. Watu wanafungua mikono na kuruka pembeni. Mzigo unabaki kwa kisiki. Mama akiita huulizi anaitia nini, unakwenda.

Mwimbishaji wetu alikuwa Abdala. Sauti yake ilikuwa tamu hata waliokuwa wakimdai walimsamehe msimu mzima. Tena alikuwa mtani. Akichoka na miguu ya mtumbwi huanza na miguu ya watu. Siku ya msiba alimtania Sadala, aliyekuwa ubavuni anatega magogo, mume wa Tatu, ambaye kijiji kizima kilijua haoni raha ya baraza wala ya bao, jioni ikifika yuko mbioni kwa mkewe.

"Sadala ana miguu?"

"Anayo!"

"Yampeleka wapi?"

"Kwa Tatu!"

Watu walicheka mpaka machozi. Mtumbwi ulikuwa kwenye kilima cha ngema, palipo mteremko mkali, umeanza kuinama. Abdala aliuona. Lakini ubeti ulikuwa mtamu, akataka kuurudia mara moja tu kabla hajaita. "Yampeleka wapi?" Watu wakajibu, na jibu ni mvuto. Mtumbwi ukalala juu ya Sadala.

Tangu siku ile Abdala hakuimba tena, na hakuna aliyemwomba. Mitumbwi ikawa inavutwa kwa moja, mbili, tatu. Kazi ya asubuhi ikawa ya kutwa, na watu wakirudi wamenuniana kama waliotoka kortini. Tatu akabaki na mwanawe Tamimu. Nyumba ya Abdala ikawa nyumba ya salamu fupi. Mtu akisema "wale", kila mmoja alijua ni wale gani.

*

Sisi tuliokuwa wa kubebwa siku ile tulipokua, Mwingereza alitujengea shule. Nasema alitujengea, makuti tulisuka wenyewe na udongo tulikanda wenyewe, yeye alileta kengele. Mwalimu alikuwa Zaidi, kijana wa Bagamoyo, suruali fupi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuwa amefundishwa chuoni kwamba mtoto hasomi kwa kichwa peke yake, anasoma kwa mikono, miguu na koo. Asubuhi drili, mikono juu, mikono pembeni, kama watu wanaofukuza nyuki. Mchana, nyimbo.

Nyimbo zenyewe zilitoka katika kitabu. Kuna mmoja ulikuwa wa theluji. Mwalimu alitueleza kwamba theluji ni kitu cheupe kama unga, kinaanguka kutoka mbinguni, kinajaa uani.

Mtoro, aliyekaa mbele yangu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na watu wa huko wanakikinga?"

"Hakiliwi, Mtoro."

"Basi wanakiimbia nini?"

Mwalimu Zaidi alicheka, na hicho ndicho kilichotufanya tumpende, maana wengine wangeshika fimbo. Akafunga kitabu. "Haya. Nipeni wimbo wenu wa hapa. Wowote."

Tukatazamana. Nyimbo tulizokuwa nazo hazikuwa za kumpa mwalimu. Nyingine ni za jandoni, nyingine ni za matusi. Ndipo kutoka mkeka wa wasichana, ambao walikuwa watatu tu, ikatoka sauti: "Mtumbwi una miguu?"

Na sisi, kabla hatujafikiri, "Hauna!"

Alikuwa Mwanamina, binti wa Abdala. Mtoto mwembamba, shuleni hazungumzi mpaka aulizwe, na akiulizwa anajibu neno moja. Sauti ile sijui alikuwa ameificha wapi. Ilikuwa ya baba yake, lakini haina mzaha ndani yake. Aliimba beti tatu tu, akaona tunavyomtazama, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu Zaidi alikuwa mgeni, hakujua alichokishika. Alichojua ni kwamba kule Kibiti kungekuwa na mashindano ya shule: mbio, kuruka, na kuvuta kamba. Kwenye mbio tulikuwa watu wa tope. Ukitufikisha pakavu tunakimbia kama kaa. Lakini kamba! Alitupanga nane, mimi Husseini wa tatu kutoka mbele, Tamimu mwana wa Sadala mshika mkia, maana alikuwa na mgongo wa mtu mzima. Tukaifunga kamba kwenye mnazi tukajaribu kwa moja, mbili, tatu. Mnazi ukatucheka. Mwalimu akamwambia Mwanamina asimame pembeni aimbe. Mnazi ukadondosha kidaka.

"Huyu ndiye," mwalimu akasema. Alikuwa na furaha kama aliyeokota lulu.

*

Kesho yake Tatu alikuja shuleni. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na kapu la mpunga kichwani.

"Mwalimu, hujambo."

"Sijambo, mama. Karibu."

"Sikaribii. Nasikia mwanangu anaimbishwa."

"Ndiyo, mama, tena wanavuta vizuri mno. Kuna sauti hapa—"

"Naijua sauti hiyo kuliko wewe. Ndiyo iliyonivua mume." Akamtafuta Mwanamina kwa macho, akampata. "Simama, wewe. Baba yako amekutuma?"

"Hapana, shangazi."

"Anajua?"

"Hapana, shangazi."

Mwalimu Zaidi alikuwa anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia katikati ya hadithi. Tatu ndiye aliyemhadithia, pale pale mlangoni, mbele yetu sote, kwa maneno machache mno. Alipofika kwenye ubeti hakuuimba, aliusema tu: "Yampeleka wapi, kwa Tatu." Kisha akasema, "Mwanangu hataitwa na nyumba ile. Ama sauti hiyo inyamaze, ama mimi nimchukue wangu, na kina mama wengine watawachukua wao. Utawafundisha kunguru."

Hapo Tamimu akasema, akiwa ametazama chini, "Mama, mimi nashika mkia. Mkia unakuwa mbali. Na anaimba vizuri."

"Baba yako naye aliona anaimbiwa vizuri."

 Mwanamina alikuwa bado amesimama. Alisema maneno mengi kuliko yote niliyopata kumsikia: "Shangazi, mimi siimbi beti za watu. Naimba tatu zile tu, nazirudia. Nikiona vibaya naita. Njoo Kibiti utazame. Nikichelewa, nifunge mdomo maisha."

 Nilidhani Tatu atamtemea mate. Akasema, "Nitakuja. Na ukichelewa hata kwa pumzi moja, hakuna mtu wa Nyamatope atakayeisikia tena sauti ya nyumba yenu, si shuleni, si msibani, si harusini. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Akajitwika kapu lake vizuri, akaondoka. Mwalimu Zaidi akaketi juu ya meza. Hatukujua mwalimu anaweza kuketi juu ya meza.

Nyumbani kwao, kama Mwanamina alivyotusimulia baadaye, Abdala alisikiliza habari yote huku akishona wavu, hakuinua uso. Alisema hapana. Binti akasema tayari ameahidi. Abdala akashona tena mashimo kadhaa, ndipo akasema, "Basi ukiimba, tazama kamba. Usitazame watu. Mimi nilitazama watu wakicheka."

*

Mtu anayejua vijito vya kutufikisha bara bila kukwama maji yakipwa alikuwa mmoja, na ndiye huyo huyo Abdala. Na mtu aliyejitolea kutupikia njiani ni Tatu, ili macho yake yafike. Kwa hiyo tulisafiri katika mtumbwi mmoja, Abdala nyuma na kasia, Tatu mbele na sufuria, sisi katikati kama bidhaa. Tatu akitaka mtumbwi upindishwe kushoto alimwambia Mtoro, na Mtoro alimwambia Abdala, aliyekuwa amesikia mara ya kwanza.

"Mwambie aende kushoto."

"Mzee Abdala, unaambiwa uende kushoto."

"Mwambie huko kuna mchanga."

"Shangazi Tatu, unaambiwa kuna mchanga."

Mtoro alichoka akasema, "Kwa nini nisilipwe, kama karani?" Tatu alimpiga mwiko wa kichwa, lakini niliona mdomo wake umecheza.

Tulishuka bara, tukatembea mpaka Kibiti, tukalala kwa jamaa. Asubuhi uwanja ulikuwa umefagiliwa, chokaa imepigwa, bendera imepandishwa. Bwana Mkaguzi wa shule alikuwepo, kofia kubwa na filimbi shingoni. Mwalimu Zaidi alimwendea akamweleza habari ya mwimbishaji. Bwana Mkaguzi, aliyesema Kiswahili cha kunyooka kama rula, alifikiri, akasema, "Aimbe. Lakini asiguse kamba. Akigusa kamba, mmeshindwa."

Mwanamina akaitikia kwa kichwa. Kuimba na kutogusa, hiyo ndiyo kazi ya mwimbishaji tangu hapo.

Tulianza na Ngorongo. Walikuwa wakubwa, watoto wa mpunga na samaki wa mabwawa, wamevimba mashavu. Filimbi ikalia. "Mtumbwi una miguu?" "Hauna!" Naapa hawakujua nini kimewapata. Walikuwa wanavuta sana, kila mtu kwa nguvu zake, na sisi tukawachukua kidogo kidogo, kwa majibu, mpaka wakaangukia mstarini kwetu wakituuliza mtumbwi uko wapi. Uwanja mzima ukacheka. Mvuto wa pili, watazamaji wenyewe walikuwa wanajibu pamoja nasi, mpaka mwuza kahawa ameweka chini vikombe.

Nilimtazama Tatu. Alikuwa amesimama sawa na Mwanamina upande wa pili wa kamba, amekunja mikono, hajibu, hacheki. Anatazama mdomo wa mtoto. Na nyuma ya watu wote, karibu na ua wa makuti, alisimama Abdala, kofia mkononi.

Fainali ilikuwa na Bungu. Watoto wa barabarani wale, wamezoea kupakia na kupakua malori. Mvuto wa kwanza walitushinda. Tulikuwa tukipata hatua, tunapumua kwa ajili ya ubeti unaofuata, na wao katika kupumua kwetu wanairudisha hatua yao. Mvuto wa pili tulishinda kwa shida, viganja vimechubuka. Ukabaki wa tatu.

Tamimu alituita tuinamishe vichwa. "Mnajua tunakosa nini? Kisiki. Kwetu tukipata hatua inazungushwa, hairudi. Hapa nani anaishika isirudi?"

"Uwanjani utatoa wapi kisiki?" Mtoro akamwuliza.

"Kisiki hakuna. Kisiki mimi."

Na kabla hatujamjibu alikuwa ameizungusha kamba kiunoni mwake mara mbili na kuifunga fundo letu la mtumbwi, lile ambalo likivutwa halilegei bali linazidi kuuma. Tukaona ni akili kubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya. Bwana Mkaguzi alikuwa mbele, kwenye alama ya katikati, hakuona. Mwalimu Zaidi aliona, akadhani ndivyo tunavyofanya kwetu.

Mwanamina aliona. Alikuwa anatazama kamba, kama alivyoambiwa. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alipoliona fundo lile alifungua mdomo kumwambia Tamimu alifungue, na filimbi ikalia. Akaimba. Angefanyaje? Watu nane walikuwa wanamngoja.

Na kisiki kilifanya kazi. Hatua tuliyopata haikurudi. Tukipumua, Tamimu anashika peke yake, visigino vimezama mchangani, meno nje. Bungu walivuta, hakuna kilichokwenda. "Nani ataupeleka?" "Sisi!" Kitambaa chekundu cha katikati kilikuwa kinakuja kwetu, polepole, kama jogoo anayejifanya hataki kuingia bandani. Mwalimu Zaidi alikuwa anarukaruka. Tulibakiza kama urefu wa kasia.

Kamba ikapanda. Sisi tulio mbele hatukuona. Ilitoka kiunoni ikapanda mbavuni, ikambana pale pumzi zinapokaa, na uso wa Tamimu ukageuka rangi. Mwanamina aliona. Alipunguza mwendo wa wimbo, akawa anatushusha pole pole, kila jibu dogo kuliko lililopita, ili tuwape Bungu hatua kidogo kidogo na kamba ilegee bila mtu kuanguka. Alikuwa ameshakata shauri tushindwe, mimi nilidhani amechoka.

Ndipo kutoka kwenye ua wa makuti ikaja sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu tukiwa watoto wa kubebwa. Ndefu, ya kushuka, tamu vile vile kama asali iliyosahauliwa kabatini.

"Mama yuwaaaita!"

Tukaachia. Sote saba, mikono wazi, tukaruka pembeni. Huko si kuamua. Ni kama kufumba jicho.

Mzigo ukabaki kwa kisiki.

Bungu walikwenda kinyumenyume kwa nguvu zao zote, na Tamimu akaenda nao. Aliburuzwa kifudifudi juu ya mchanga na chokaa, kupita katikati yetu, akipiga bega kwenye kigingi cha alama, na wale wa nyuma wa Bungu hawakuona kitu, walidhani tumeteleza, wakazidi kuvuta. Sisi tumesimama pembeni, tumeshika hewa. Mama akishaita hakuna wimbo unaofuata, hatukufundishwa unaofuata.

Mwanamina aliruka. "Sisi!" alipiga kelele. Hilo ni jibu, mwimbishaji haliimbi kamwe. "Sisi! Sisi!" Akaikumbatia kamba kwa mikono miwili, akaburuzwa nayo, na ule mdomo wake ndio uliotuamsha. Tukaidaka. Ikasimama.

Hapo filimbi ikalia kali. Bwana Mkaguzi alikuwa ananyoosha kidole, si kwa Tamimu. Kwa Mwanamina.

"Amegusa kamba," alisema. "Nyamatope wameshindwa."

Mwalimu wa Bungu ndiye aliyekuja mbio na kisu, akakata fundo.

*

Bega lilivunjika, na ngozi ya tumbo ilibaki uwanjani. Mganga wa zahanati alimfunga vitambaa, akasema mkono utapona lakini usitegemee utainuka sawa na mwenzake. Tatu alishika kichwa cha mwanawe mapajani.

Bwana Mkaguzi alitaka kujua nani aliwaambia watoto waachie. Mwalimu Zaidi alijaribu kueleza, akaanza na mtumbwi. Abdala akapita katikati ya watu.

"Mimi, Bwana."

"Wewe ni nani?"

"Sijui nikwambieje. Zamani nilikuwa naimba."

"Kwa nini uliita?"

"Nilimwona mtoto anakabwa. Mara ya kwanza nilichelewa, Bwana. Mara hii nikasema nisichelewe."

Bwana Mkaguzi alimtazama kama unavyotazama mtu anayezungumza usingizini. Akatoa amri, tukaisikia wote: kuanzia leo watoto watavuta kamba kimya, kwa filimbi, na nyimbo zitakazofundishwa ni za kitabuni. Mwalimu Zaidi akasimama wima, mikono ubavuni, kama kwenye drili. Kabla mwaka haujaisha alihamishiwa mbali, na theluji ikaturudia.

Katika kurudi, Tamimu alilazwa katikati ya mtumbwi na sisi tukakaa kando kando. Abdala alipiga kasia. Tulikwenda mwendo mrefu. Mtoro alikuwa tayari kupeleka maneno, lakini safari hii Tatu hakumtumia.

"Abdala."

Kasia likasimama. "Naam, mama Tamimu."

"Baba yake ulimwita umechelewa."

"Ndiyo."

"Na huyu umemwita mapema."

"Ndiyo."

"Basi wewe Mungu hakukupa saa. Alikupa sauti, saa akaisahau."

 Maji yalidondoka kwenye kasia. Tatu akavuta kanga akamfunika mwanawe, akasema bila kumtazama mtu, "Mwanao anayo."

Hatukujua tulichukue vipi neno lile. Mwanamina mwenyewe alikuwa amepakata viganja vyake vilivyochubuka, amegeukia majini. Shuleni hakurudi. Aliniambia, nikaimbe nini, theluji?

*

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, fundi Khamisi alikuwa na mtumbwi tayari, mkubwa kuliko yote niliyoiona, na njia yake ya majini ilipita ngema ile ile. Wanaume walijipanga. Moja, mbili, tatu. Ukafika katikati ya kilima ukakataa. Moja, mbili, tatu. Watu wakaanza kutukanana wazazi.

Tatu alikuwa amekuja na mtungi wa maji ya wavutaji. Akautua. "Mwiteni mtoto wa Abdala."

"Mwanamke awaimbishe wanaume?" Khamisi akasema. "Tena mtoto? Tena wa—"

"Basi kaeni nao hapa. Ukiota majani mtakula mboga."

Mwanamina akaja, na unga mikononi, ametolewa jikoni. Baba yake alikuja nyuma yake. Abdala hakwenda pembeni na binti. Aliingia kwenye mstari, akashika kamba nyuma yangu. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala hakuna aliyemsogelea. Mwisho wa kamba, kwenye kisiki cha mkoko chenye mizizi mpaka kuzimu, alisimama Tamimu na mkono wake usioinuka. Alikuwa ameomba mkia. Aliizungusha kamba kwenye kisiki kwa mkono mmoja, akalitikisa fundo, akamtazama Mwanamina.

"Mtumbwi una miguu?"

"Hauna!"

Ukaenda. Hakuongeza ubeti hata mmoja, tatu zile, anazirudia, macho kwenye kamba. Wazee walikuwa wanavuta huku wanalia, na wanasema ni jasho. Tulipofika kichwani mwa ngema sisi hatukuhisi kitu, mtumbwi ulikuwa mwepesi, tulitaka mvuto mmoja tu wa kumaliza.

"Mama yuwaita."

Tukaachia. Tukaruka. Mtumbwi uliinama ubavu, ukafikiri, ukakaa. Kisiki kililia kidogo. Aliyekuwa anatega magogo alisimama mbali, mzima, anajipapasa miguu.

Tulipogeuka, Abdala alikuwa bado ameishika kamba. Peke yake, katikati ya njia, macho amefumba, miguu imezama matopeni mpaka vifundoni.

"Baba, nimeita," Mwanamina akasema.

"Nimesikia."

"Achia basi."

"Tamimu je?"

"Tamimu hakujifunga. Kilichofungwa ni kisiki. Tazama."

Hakutazama. Binti akamsogelea, akaanza kumfungua vidole, kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto mchanga aliyekamata nywele zako. Vya mkono wa kulia vilifunguka. Vya kushoto vilichukua muda. Tulisimama pembeni, watu arobaini, tukingoja, na Tatu amesimama na kata ya maji mkononi, hajui ampe nani kwanza.

Kidole cha mwisho kilipotoka, Mwanamina alirudi mahali pake, akajifuta viganja kwenye kanga, akatungoja tujipange.